Pua ya Cendrine

Jumatatu, 3 Machi

Masanduku manne leo. Vidole vinanuka siki, ile harufu ya filamu zilizozeeka. Glavu zimekwisha. Nimemwambia Monsieur Hubert, akasema ataagiza. Wiki iliyopita alisema hivyohivyo.

Kazi ni ileile. Natoa filamu kwenye bahasha, napangusa vumbi kwa brashi, naweka kwenye mashine ya kuskani, naandika namba. Ghorofa ya nne, dirisha linatazama madirisha ya ofisi nyingine. Chini watu wa Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya hapa Bruxelles, wanakula mkate huku wanatembea, vitambulisho vinaning'inia shingoni.

Kitabu tunachokitengeneza ni historia ya mbio moja tu. Nilipoanza mwezi wa kwanza sikujua kwamba mbio moja inaweza kujaza kitabu. Farasi wa miaka mitatu, uwanja tambarare, hakuna kuruka kizuizi, dakika mbili na kitu, imekwisha. Kila mwaka mara moja, zaidi ya miaka mia, isipokuwa ile ya vita, askari walipobeba farasi wote. Monsieur Hubert ndiye anayekiandika. Ana washindi wote kichwani, anawataja mmoja baada ya mwingine kama mchungaji anavyotaja wafalme wa Israeli. Farasi kwanza. Kisha mwenye farasi. Kisha mfunzaji. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, aliyempanda.

Mkataba wangu unaisha Mei, kitabu kikitoka. Baada ya hapo sijui.

Jumatano, 5 Machi

Nimeona kitu. Sijui nifanye nini nacho.

Ni mwaka mmoja wa zamani, mama yangu alikuwa bado msichana Uvira. Kwenye faili kuna picha rasmi ya mstari wa mwisho, imebandikwa kwenye karatasi. Farasi wawili wako sawa kabisa, vichwa vimenyooka. Mwamuzi amechora mstari wa wino unaogusa pua ya mmoja, akatia sahihi. Namba mbili, Roc Noir, wa kwanza. Namba saba, Cendrine, wa pili. Tofauti: pua.

Filamu yenyewe ilikuwa kwenye bahasha nyingine. Inaonyesha zaidi. Picha rasmi ilikatwa pembeni, filamu haikukatwa, na huko pembeni nguzo ya mwisho inaonekana nzima, imesimama wima. Nimechora mstari kwenye kompyuta sambamba na nguzo. Umegusa pua ya Cendrine. Roc Noir bado hajafika.

Nimerudia mara tatu. Kisha nikaulinganisha na mstari wa wino. Wa wino umelala. Kidogo tu, kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Tofauti ni nyembamba kuliko ukucha, lakini ipo.

Cendrine alishinda.

Alhamisi, 6 Machi

Sikumwambia mtu. Nimekosea namba mbili, ikabidi nianze sanduku upya.

Farasi hao wamekufa zamani. Kwa nini sikulala vizuri? Najua kwa nini. Kambini Kigoma karani alituandika wote tumezaliwa tarehe moja Januari, mimi na dada yangu, kama mapacha, na tumepishana miaka sita. Tulipofika Ubelgiji ofisi ya wakimbizi ilisema tunadanganya. Miaka miwili tulieleza. Karatasi haichoki. Mtu ndiye anayechoka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Monsieur Hubert. Alivua miwani ya kutembea akavaa ya kusomea. Aliangalia muda mrefu. Kisha akakaa kitini pangu bila kuomba, yeye ambaye huomba radhi hata kwa kupita mlangoni.

"Umeona sawasawa," alisema. Kisha: "Lakini matokeo yakishathibitishwa, yamethibitishwa. Ndiyo kanuni, tangu mbio zianze."

Alinisimulia. Cendrine ndiye aliyetegemewa na wote mwaka ule. Nusu ya Bruxelles ilikuwa imemchezea kamari. Mpandaji wake alikuwa kijana anaitwa Lucien, na watu walimwona akiinua mkono kabla ya mstari, kushangilia. Wakasema amelegeza hatamu. Wengine wakasema amenunuliwa. Alisimamishwa msimu mzima. Aliporudi hakuna aliyempa tena farasi mzuri.

Nikauliza kama yupo hai. Monsieur Hubert alisema hajui, anadhani hapana.

Jumamosi, 8 Machi

Schaerbeek, kwa dada Espérance. Tumepika sombe, majani ya muhogo. Nikamsimulia, kupitisha muda tu, yeye anatwanga kitunguu saumu. Akaacha kutwanga.

"Lucien? Mufupi? Miguu imepinda hivi?"

Nikasema sijui, sijamwona.

"Riziki, ule muzee mi njo niko namuosha kila asubuyi. Iko kwetu kule Ganshoren, chambre douze. Kila siku anasema juu ya mukono yake. Mi nilizani ni ugonjwa."

Espérance ni mlezi kwenye nyumba ya wazee, na mzee huyo yuko chumba namba kumi na mbili. Miaka yote hii anamwosha mtu yule mkono ule.

Sombe ikaungua chini. Hatukuwa tunaangalia.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda. Nilijiambia nakwenda kumwona tu.

Ni mdogo kama mtoto wa darasa la sita. Miaka themanini na tatu. Macho yake yamekufa katikati, anaona pembeni tu, kwa hiyo anakutazama kwa ubavu wa uso kama kuku. Chumba kisafi, hakuna picha hata moja ya farasi. Espérance alimwambia mimi ni mdogo wake, nafanya kazi kwenye kitabu cha mbio. Kisha akaanza bila kuulizwa.

Alisema Cendrine alikuwa anaogopa miavuli. Siku ile haikunyesha, akamshukuru Mungu. Alisema walipoingia mita za mwisho alimsikia farasi akiongeza mwenyewe, bila fimbo, na yeye akajua wameshinda, na kwa sababu alijua, akainua mkono. Hatua moja kabla. Moja tu. Aliposema hivyo mkono wa kulia ukapanda wenyewe kutoka kwenye blanketi.

"Ningeuacha pale ulipokuwa," alisema. "Kila asubuhi nauacha pale ulipokuwa."

Mke aliondoka. Shemeji yake alikufa hajamsemesha. Ana binti, Martine, anakuja mara moja kwa mwezi na hawazungumzi habari hiyo.

Nikamwambia. Sikupanga. Nilisema, "Monsieur Lucien, hukushindwa. Nimeiona filamu."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikamwonyesha picha kwenye simu, ile niliyoipiga kinyume cha mkataba wangu. Akaishika karibu na pua, akaigeuza huku na huku, akanirudishia.

"Mimi sioni, mademoiselle. Wewe niambie."

Nikamwambia kila kitu, nguzo, mstari, wino uliolala. Mara tatu. Hakulia. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Kisha akauliza, "Na kitabu kitasema hivyo?"

Nikasema ndiyo.

Kwa nini nilisema ndiyo?

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi kabla ya kuvua koti nilikuwa mlangoni kwa Monsieur Hubert. Nikamweleza kwamba Lucien yupo hai, yuko Ganshoren, na nilichomwambia. Nilitegemea anigombeze. Alishika kichwa. Akasema hawezi kubadili matokeo, lakini anaweza kuweka tanbihi chini ya ukurasa. Akaiandika palepale kwa penseli, mbele yangu. Sentensi mbili. Kwamba filamu ya awali, ilipochunguzwa upya, inaonyesha pua ya Cendrine mbele. Kwamba mpandaji wake hakustahili lawama.

Hakustahili lawama. Alitafuta neno hilo muda, akalifuta, akaliandika tena.

Nilimpigia Espérance nikiwa kwenye ngazi. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Espérance kanipigia saa ya mapumziko yake. Mzee anakula sahani nzima. Ameomba kinyozi. Wakati wa kuoga anaimba nyimbo za Kiflamandi ambazo hazifai, wahudumu wanaozielewa wanacheka.

"Bon, ni muzuri," alisema. Kisha akashusha sauti. "Lakini Riziki, kama munamudanganya, weye utabakia kule bureau. Mi njo nitabakia naye ku bain, namuosha."

Nikamwambia hatumdanganyi. Nimeiona tanbihi kwa macho yangu.

Jumapili, 30 Machi

Martine alikuwepo. Mwanamke mrefu, mwalimu wa shule, koti halikutoka mwilini. Alinisalimu kama anayesalimu mtu wa bima.

Mzee alizungumza mchana mzima. Jinsi walivyokuwa wakijinyima maji siku mbili kupunguza uzito. Uwanja wa zamani kando ya msitu, ambapo sasa watu wanatembeza mbwa. Mfunzaji aliyekuwa anazungumza na farasi kwa adabu na watu kwa matusi. Martine alikuwa anamtazama babake kama anayesikia redio ya nchi nyingine.

Kwenye korido akanishika kiwiko.

"Mama yangu aliondoka kwa sababu ya pua hiyo," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka tisa. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na itaandikwa?"

"Imeshaandikwa."

Akafungua vifungo vya koti, akarudi ndani kwa babake.

Jumanne, 8 Aprili

Alikuja mgeni ofisini. Mjukuu wa aliyekuwa mwenye Roc Noir. Mwanaume mpole, viatu vizuri, sauti ya chini. Familia yake ndiyo inayolipia uchapaji, jambo ambalo sikulijua. Alisoma kurasa zote mezani kwa Monsieur Hubert, anageuza kwa ncha ya kidole. Kwenye ukurasa ule alikaa muda.

Akauliza nani aliiona filamu. Monsieur Hubert akanionyesha mimi. Mgeni akaja mpaka kwenye mashine, akanipa mkono.

"Una macho mazuri, madame."

Sikupenda alivyosema. Alipoondoka, mlango wa Monsieur Hubert ulifungwa. Haujawahi kufungwa tangu nianze kazi hapa.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna aliyenieleza mgeni alitaka nini. Nimeskani picha za kofia, medali, kikombe.

Ijumaa, 11 Aprili

Nakala ya mwisho imerudi kutoka kwa mpangaji wa kurasa. Tanbihi haipo.

Nilifikiri imehamia nyuma. Nikatafuta nyuma. Nikatafuta kwenye viambatisho. Nikaingia kwa Monsieur Hubert bila kubisha hodi. Alikuwa ananingojea, nadhani. Alisema tanbihi ingefungua njia kwa kesi, kwa wazao wa mwamuzi, kwa magazeti. Alisema aliomba. Alisema, "Miaka kumi na mmoja, Riziki. Bila familia ile hakuna kitabu, na mimi sina miaka kumi na mmoja mingine."

Nikamuuliza mzee nitamwambia nini. Akaangalia mikono yake.

Kinakwenda kiwandani Jumatatu.

Sikumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningemchukia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeandika barua kwa kamati ya chama cha mbio. Nimekaa nayo tangu Jumamosi, Kifaransa changu chote kimo humo. Nimeambatisha picha mbili, ya wino na ya filamu. Nimewaandikia pia waandishi wawili wa magazeti. Mmoja amejibu kwamba ni habari nzuri ila si ya wiki hii. Mwingine kimya.

Saa nne asubuhi gari la kiwanda likachukua kitabu. Ni flashi tu, ndogo kama kiberiti, kwenye bahasha. Nililiona likipinda kona.

Ijumaa, 25 Aprili

Kamati imejibu. Ukurasa mmoja. Wananishukuru kwa moyo wangu. Matokeo ya mbio ni ya kudumu. Uamuzi ulitolewa na mwamuzi halali kwa vifaa vya wakati wake. Mwishoni wananikumbusha kipengele cha mkataba kinachosema picha zote ni mali yao na hazitoki.

Hakuna kosa hata moja katika barua hiyo. Nimeisoma nikitafuta kosa.

Jumapili, 27 Aprili

Nilikwenda kumwambia. Kwenye tramu nilikuwa na maneno tayari.

Alikuwa amevaa suti ya kwendea uzinduzi wa kitabu. Martine ameipeleka kwa fundi wa Kituruki mtaani kwao, ikapunguzwa mabega. Alikuwa anaijaribu tangu asubuhi na amekataa kuivua. Aliniuliza tai ikae vipi, yeye haoni. Nikamfunga tai. Nikamfungua, nikamfunga tena vizuri.

Nikarudi nyumbani.

Mimi ni mwoga. Naliandika hapa nisije nikalipa jina lingine.

Jumamosi, 3 Mei

Espérance anajua. Nimemwambia jikoni kwake, watoto wako sebuleni. Hakupiga kelele, ndiyo mbaya kwake.

"Sema naye," alisema. "Ao mi nitasema. Lakini mi sikumuletea hiyo habari. Ni weye."

Nilisema nitasema.

"Alikuwa anaishi na makosa yake," akaongeza. "Haikukuwa vizuri, lakini alijua namna ya kuishi nayo. Sasa je?"

Nikakosha sahani zote, hata zilizokuwa safi.

Jumapili, 11 Mei

Nimesema.

Nilikaa mbele yake, nikamshika mkono wa kulia, nikasema polepole: tanbihi imeondolewa, kitabu hakitasema kitu, nimejaribu, nimeshindwa, nisamehe. Televisheni ilikuwa imewashwa, nikaizima, nikasema tena.

Alitabasamu.

"Umechoka, mademoiselle," alisema. "Huyo Hubert ni mtu wa farasi. Mtu wa farasi haachi kitu kama hicho."

Nikamwambia nimeiona nakala ya mwisho. Akasema nakala si kitabu. Akasema zamani hata orodha za farasi zilikuwa zinakosewa asubuhi na kusahihishwa mchana. Akaniuliza kama Jumapili, kwenye uzinduzi, nitakuja kwa gari la Martine au kwa basi.

Sijui kama hakusikia, au alisikia akakataa. Nimesema, lakini sijisikii kwamba nimesema.

Martine sikumpigia. Nilishika simu mara nne. Nilijiambia mzee atamweleza. Najua hatamweleza.

Jumapili, 18 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa, kwa utaratibu.

Ukumbi mzuri, maua meupe, vitabu vimepangwa kama matofali. Watu mia hivi. Wanawake wenye kofia. Mjukuu wa mwenye Roc Noir mlangoni, anapokea wageni. Mimi nilifika mapema, nikasimama karibu na ukuta.

Martine akamleta babake kwenye kiti cha magurudumu, lakini mlangoni mzee akasimama. Akaingia kwa miguu yake, ile miguu iliyopinda, ameshika mkono wa bintiye. Suti ya bluu. Nywele zimechanwa kwa maji. Watu wakapisha njia bila kujua ni nani.

Monsieur Hubert akamwona. Nilimwona akimwona. Akaja, akamshika mikono yote miwili, akatangaza kwa sauti kwamba tuna bahati, tuna mmoja wa wapandaji wa enzi zile kuu kati yetu. Wakapiga makofi. Mtu akaleta kitabu na kalamu, akaomba sahihi. Mzee akatia sahihi pale kidole cha Monsieur Hubert kilipomwonyesha. Haoni. Sahihi ikapanda juu ya picha.

Kisha hotuba. Kisha mvinyo. Kisha wakakaa pembeni, yeye na Martine, na Martine akafungua kitabu. Nikasogea. Ilinibidi.

Alisoma mwaka wa mbio. Alisoma hali ya hewa, idadi ya farasi, rangi za mavazi. Anasoma vizuri, ni mwalimu. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa, midomo inatembea. Kisha akasoma: "Roc Noir, kwa pua, mbele ya Cendrine, ambaye mpandaji wake alionekana kusherehekea mapema mno."

Mzee akangoja.

"Soma chini," mzee alisema.

"Chini hakuna kitu, papa."

"Kwa herufi ndogo. Herufi za chini ni ndogo."

Martine akapitisha kidole chini ya ukurasa. Akageuza ukurasa. Akarudi. Nilimwona akienda mpaka mwisho wa kitabu, kwenye viambatisho, kama nilivyofanya mimi.

"Hakuna, papa."

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa kwenye goti. Ulipanda kidogo, kimo cha chungwa, ukashuka. Ukapanda tena. Martine akaufunika kwa mkono wake. Chini ya mkono wake ukawa bado unasukuma.

Kisha Martine akanitazama. Hakuwa amekasirika, ingekuwa afadhali.

"Kwa nini ulimfanyia hivi?"

Ningesema nini? Kwamba ni kweli? Ukweli ulikuwa kwenye simu yangu, mfukoni, na hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye ungemsaidia kitu.

Wakaondoka kabla ya keki. Alikubali kiti cha magurudumu.

Jumanne, 20 Mei

Sikwenda kazini. Nilisema naumwa. Nililala nikiangalia ukuta.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya mwisho. Nimezima mashine, nimefunika na kitambaa. Filamu ya mwaka ule imo kwenye sanduku la kumi na saba, bahasha ya nne. Masanduku yanakwenda ghalani nje ya mji. Nimeuliza nani anaweza kuomba kuyaona. Monsieur Hubert akasema mtu yeyote mwenye sababu. Nikauliza nani atakuwa na sababu.

Alinipa kitabu. Alikuwa ameniandikia maneno ndani. Sijayasoma. Tuliagana kwa mkono, na alishika muda mrefu kuliko kawaida, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwonea huruma. Sikutaka.

Jumatatu nyingine naanza kusafisha ofisi, jengo la mtaa wa pili. Saa kumi na moja alfajiri.

Alhamisi, 5 Juni

Espérance anasema mzee haimbi tena. Anakula nusu. Si mgonjwa, daktari amempima. Martine anakuja kila wiki sasa, hilo limebaki. Wanakaa. Anamsomea gazeti.

Nikauliza kama ananitaja.

"Apana," alisema. Kisha, kwa sababu hajui kunificha: "Ndiyo. Anauliza kama weye uko muzima."

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda. Mara tatu nilishuka kituo kimoja kabla nikarudi, leo nikashuka penyewe.

Alikuwa kitini karibu na dirisha, shati safi. Alinijua kwa hatua. Akaniambia nikae. Akaniuliza habari za kazi mpya, kama ngazi ni nyingi, kama wenzangu ni watu wema. Nikajibu. Tulikunywa kahawa ya mashine.

Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto, kwamba amefikiri sana. Kwamba mimi ni kijana na nina moyo mzuri. Kwamba nilimwona mzee na mkono wake, nikamhurumia, nikamtungia picha. Kwamba hanilaumu. Kwamba miezi ile miwili ilikuwa mizuri.

"Sikukutungia," nilisema. "Ni kweli. Ninayo hapa."

"Kitabu kimeandikwa na watu wanaojua, mademoiselle. Wangeona."

Nilitoa simu. Picha ikatokea, farasi wawili, nguzo, mstari. Nilikaa nayo mkononi. Sikuwa na mahali pa kuishikilia ambapo angeiona.

"Nilinyanyua mkono," alisema. "Hatua moja. Mimi najua, nilikuwepo."

Nilitaka kumwambia mara ya nne, ya tano. Nikaona uso wake. Ulikuwa umetulia. Umerudi mahali anapopajua. Nikarudisha simu kwenye mkoba.

"Sawa, papa Lucien."

Tukakaa. Kwenye korido mtu alikuwa anasukuma toroli la vikombe. Mzee akaniuliza kama nje kuna jua au mawingu, kwake yote ni kijivu.

Nikamwambia kuna jua.

Akageuzia uso dirishani, akafumba macho. Akaniamini.